Ndege Isiyo na Ribiti

Kabiro, Kawangware
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwako kijana Khamala,

Barua hii unaletewa na binti yangu Gathoni, pamoja na sanduku. Usilifungue kabla hujamaliza kusoma. Najua umeshalifungua.

Siku ya Mwaka Mpya wewe na Gathoni mlikaa kwenye kochi langu mkaniambia mnataka kuoana, nawe ukaniuliza wazee wako waje lini kubisha hodi. Sikukujibu. Nilikuongezea chai. Leo nakujibu.

Mimi nilikuwa fundi wa ndege pale uwanja wa Wilson kwa miaka thelathini na moja. Ndani ya sanduku hilo kuna DC-3, ndege ya injini mbili ambayo niliijua kuliko nilivyowajua ndugu zangu. Hii ni ya plastiki, imepunguzwa mara sabini na mbili, na iko vipande mia moja na kumi na vinne. Nilipewa na rubani mmoja rafiki yangu siku niliyostaafu. Mwenyewe sina nafasi ya kuijenga, nina plot ya kuangalia, vyumba kumi na sita na kila mpangaji na kilio chake cha maji. Ijenge wewe, uipake rangi. Ukiimaliza vizuri, wazee wako watakaribishwa.

Usidhani nakuchezea. Mchumba wa kwanza wa Gathoni alikuwa mtu wa haraka. Alikula haraka, akaendesha gari haraka, na wiki mbili kabla ya harusi akatoroka haraka. Nataka kuona mtu anayeweza kukaa na kitu kimoja mpaka kiishe.

Utakuwa ukiniandikia umefika wapi. Usinipigie simu. Kwa simu mtu hujibu kabla hajafikiri.

S. Thuo
Mwenye plot

(Nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyekundu)
Niaje Khama. Nimeifungua kwa mvuke wa birika nikaifunga tena, hatajua. Mimi ndiye posta, kwa hivyo msahau mambo ya siri. Wewe jenga tu hiyo kitu. – G.


Makina, Kibera
19 Januari 2025

Kwako Mzee Thuo,

Natumaini u mzima pamoja na Mama. Mimi ni mzima, na sanduku limefika zima. Ni kweli nililifungua kwanza.

Mzee, nikuambie ukweli, nimefurahi. Nilidhani utanipa mtihani nisioujua, kumbe umenipa kazi yangu ya kila siku. Mimi ni fundi wa kunyoosha magari na kuyapaka rangi, mimi na mwenzangu Wakoli, hapa chini ya stendi ya Olympic. Nimepaka Probox hata sizikumbuki. Nimepaka basi la kanisa lililolala mtaroni siku tatu, na waumini walipolichukua walidhani tumewabadilishia. Sasa kitu kinachotosha kwenye meza ya chai kitanishinda? Nipe wiki mbili.

Nina swali moja tu. Ndani kuna karatasi ya maelezo yenye michoro na mishale. Ni lazima niifuate?

Wako mtiifu,
Khamala


Kabiro
26 Januari 2025

Khamala,

Ndiyo, ni lazima.

Sijakuomba wiki mbili, na ukizitumia hizo mbili tu nitaingiwa na wasiwasi. Kila kipande ukikate kwa wembe, usikivunje kwa mkono kama unavunja muwa. Chumba cha rubani kipake rangi kabla hujafunga mwili wa ndege, maana ukishaufunga hakuna mkono utakaoingia tena. Na lililo kubwa kuliko yote: thina ya magari, ile ya kuyeyushia rangi, isiguse plastiki hiyo. Isiikaribie hata kwa harufu.

S. Thuo


Makina
27 Januari 2025

Gathoni wangu,

Nakuandikia kwa sababu babako amenizoesha, na pia kwa sababu kwa simu ungecheka kabla sijamaliza.

Barua ya Mzee kuhusu thina ilifika Jumapili. Thina yenyewe ilifika Jumamosi.

Gari lolote, kabla ya kulipaka rangi, unalifuta kwanza kwa thina kutoa mafuta. Nimefanya hivyo miaka kumi na mbili. Mikono haikuniuliza, ilichukua tu kitambaa ikafuta bawa la kushoto. Bawa likaanza kulainika kama chingamu. Nikaogopa, nikavuta kitambaa, kitambaa kikaja na ncha ya bawa. Wakoli akauliza kama ndege ilikuwa na bima.

Nimejenga ncha nyingine kwa waya na filla ya kuzibia magari. Ukiitazama kwa mbali huwezi kujua. Tafadhali usimwambie Mzee. Nitamwambia mwenyewe siku wazee watakapokuja, baada ya watu kula.

Naogopa, Gathoni. Sijawahi kuogopa kazi.

Khama wako


Makina
9 Februari 2025

Kwako Mzee Thuo,

Kazi inaendelea. Nimefuata mishale yote. Mabawa yote mawili ni imara.

Kuna jambo dogo ambalo sitaki kulisema sana, kwa kuwa aliyekupa ndege hii ni rafiki yako na zawadi haitafutwi kasoro. Nimeona ina mianya fulani. Nimeanza kuiziba kwa filla na kupiga msasa wa maji. Je, niendelee, au niiache ilivyotoka kiwandani?

Wako mtiifu,
Khamala


Kabiro
16 Februari 2025

Kijana wangu Khamala,

Uniwie radhi, nilikudharau. Watu wengi wakiunganisha nusu mbili za mwili wa ndege huuacha ule mwanya wa katikati ya mgongo, halafu ndege inakaa kama koti lililoshonwa na mlevi. Wewe umeuona bila kuambiwa. Hilo ni jicho la fundi.

Ziba. Ziba yote, usibakize hata mmoja. Piga msasa mpaka ukipitisha ukucha usikwame popote. Barua yako nimemsomea mke wangu Wangeci, nikamsomea na mpangaji wa chumba namba nne ambaye alikuwa amekuja kulalamika kuhusu maji.

S. Thuo

(Nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyekundu)
Khama!! Amekuita kijana WANGU. Huyo wa haraka hakuwahi kuitwa hivyo hata siku moja. – G.


Makina
23 Februari 2025

Gathoni wangu,

Babako amenisifu kwa maandishi. Barua nimeibandika ukutani gereji, Wakoli ananiita injinia.

Sasa nikuambie wewe, kwa sababu yeye sikutaka kumwaibisha. Rafiki yake alimpa ndege mbovu. Niliposhika mabawa kwenye mwanga niliona nyufa nyembamba kama unywele, kila mahali, zimenyooka na kukatana kama vyumba vya plot. Si mabawa tu, hata mgongo na mkia. Na kando ya kila ufa kuna vipele vidogo vidogo, safu kwa safu, mamia. Nilihuzunika. Mtu anafanya kazi miaka thelathini na moja, anapewa kitu chenye ugonjwa wa ngozi.

Lakini sasa imepona. Nimeziba kila ufa, nimetoa kila kipele. Nimepiga rangi nyeupe yenye lulu, ile tuliyompaka askofu kwenye Prado yake, na juu yake nikapiga vanishi mara tatu. Unaweza kujipaka lipstiki ukijitazama kwenye bawa. Wakoli ameshauri tinti nyeusi kwenye madirisha, na nimeona ana akili.

Mwambie Mzee imebaki propela tu.

Khama wako


Kawangware 56, saluni
Alhamisi, 6 Machi 2025

Khama,

Baba anakuja gereji kwenu Jumamosi. Hataki ujue, anasema kazi ya fundi huonekana akivamiwa. Amenyoosha suti. Mimi nimekuambia.

Sasa kuna jambo lingine. Jana nilikuwa napiga pasi pale sebuleni, chini ya ile picha kubwa aliyopigwa Baba pale Wilson akiwa amesimama kando ya DC-3. Nimeishi na hiyo picha tangu nizaliwe na sijawahi kuiangalia. Jana nikaiangalia.

Khama, ina mistari. Ndege yenyewe, ile ya kweli, ina mistari kila mahali, inakatana kama vyumba vya plot. Na kando ya mistari kuna vipele, safu kwa safu.

Vipele gani uliniambia umetoa?

G.


Kabiro
Jumapili, 9 Machi 2025

Khamala,

Jana nilifika kwenu, nikaiona ndege, nikaondoka bila kuaga. Kwa kuondoka vile naomba radhi. Mwenzako alinikimbilia na soda mpaka barabarani, mwambie asante. Leo nimetulia, kalamu inashikika.

Ile mistari haikuwa nyufa. Kila mstari ni mahali bati moja la ndege linapokutana na lingine. Vile vipele ni ribiti, misumari inayoyashika mabati hayo yasibanduke angani. Mimi nimezigonga ribiti hizo, nimezikagua kwa kidole moja moja, na usiku watu walilala usingizi safarini kwenda Lodwar kwa sababu ya kidole changu. Wewe umezipiga msasa. Ndege isiyo na ribiti ni chupa ya mafuta ya nywele.

Na hiyo tinti. Rubani wa DC-3 anamkwepa nani huko juu?

Bawa la kushoto limepita la kulia kwa nusu sentimita. Usinieleze, nilinusa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na aliyemsifu mgema ni mimi, kwa mkono wangu, kwa hiyo najilaumu pia. Lakini waambie wazee wako wasinunue nauli.

S. Thuo


Makina
11 Machi 2025

Kwako Mzee Thuo,

Nimeisoma barua yako nikaketi kwenye ndoo ya rangi mpaka Wakoli akaja kuitaka ndoo.

Ni kweli bawa liliharibiwa na thina. Nilikuficha, nami naona aibu kwa kuficha kuliko kwa thina yenyewe. Kuhusu mistari sikukuficha kwa ubaya. Nilidhani umepewa ndege mbovu, na kwetu zawadi ya mtu haisemwi vibaya mbele yake. Ningekuuliza swali moja tu, "Mzee, hii ni nini?" Sikuuliza, kwa sababu fundi akiuliza anaonekana hajui, nami nilitaka sana unione najua.

Wakoli anasema kuna duka mjini linauza ndege hizi, ninunue nyingine nianze upya, na hii tuitupe. Sitaki. Niliyoiharibu ni hii. Nikijenga nyingine nitakuwa nimekwepa tu.

Nampenda Gathoni, Mzee. Sina namna nyingine ya kulisema. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Nakuomba uniruhusu niirudie.

Khamala


Kabiro
16 Machi 2025

Khamala,

Methali hiyo ni ya mtu aliyekwisha kuoa. Wewe bado.

Lakini umesema ukweli wako, nami niseme wangu. Nilikuandikia kwamba sina nafasi ya kuijenga. Nafasi ninayo tele, kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwaka juzi nililifungua sanduku lile, nikakata kipande cha kwanza, gurudumu la mkia, dogo kama punje ya mahindi. Mikono ikatetemeka. Siku hizi hutetemeka, hata kikombe nakishika kwa miwili. Gurudumu likaanguka mara tano, na mara ya tano Wangeci akanikuta sakafuni nikilitafuta huku machozi yananitoka, mimi niliyekuwa nikifunga boliti za injini gizani. Akalichukua sanduku akaliweka juu ya kabati, na hatujalizungumza tangu siku hiyo. Nilitaka kuiona imejengwa. Basi nikakutega wewe.

Mistari huchorwa upya kwa sindano na rula. Ribiti hurudishwa kwa tone la gundi kwenye ncha ya sindano, moja moja. Mahali pa kila moja ninapajua kwa kichwa. Mimi nitaonyesha, wewe utachora.

Njoo Jumamosi saa nne. Tinti itoke kwanza.

Thuo


Kawangware 56, saluni
Jumapili, 1 Juni 2025

Kwa Baba, na kwa Khamala. Nimeandika nakala mbili, maneno ni yale yale.

Kama posta nimejiuzulu leo. Hii ni barua ya mwisho nitakayobeba, na ni yangu.

Ndege iliisha tarehe tatu Mei. Msinibishie, niliiona. Zile Jumamosi saba mlikaa pale mezani, Baba akiwa ameshika miwani, Khama akiwa ameshika sindano, na Mama na mimi tukitembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mistari ikarudi, ribiti zikarudi, bawa la kushoto likakatwa likalingana. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilienda kununua kitambaa cha nguo.

Tarehe kumi Baba ukasema bado masizi ya injini. Sawa. Tarehe kumi na saba ukasema magurudumu hayana vumbi la Lodwar. Sawa. Tarehe ishirini na nne mlibishana saa tatu nzima kuhusu injini ya kulia, mafuta yalikuwa yakivuja upande gani, mpaka ugali ukapoa. Nikaufunika. Jana nimeingia na chai nikakuta sanduku JIPYA mezani. Vipande mia mbili na sita. Nikauliza ni la nani. Mmoja akatazama dari, mwingine akatazama chai.

Baba, nakujua. Unaogopa kwamba ikiisha hatakuja tena. Khama, wewe ulikuja kwetu kutafuta mke, ukapata baba, ukatosheka. Katika Jumamosi kumi na moja hakuna aliyetaja ruracio, mahari yangu, hata kwa bahati mbaya. Mnazungumza gundi.

Mvumilivu hula mbivu, lakini mimi nitaozea mtini. Nina miaka thelathini na miwili. Jumamosi tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, wazee wa Khamala wawe mlangoni petu. La sivyo nitaolewa na mtu wa kwanza asiyejua msasa ni nini.

Gathoni


Makina
2 Juni 2025

Kwako Mzee Thuo,

Barua nimeipata. Naamini na wewe umeipata, kwa kuwa Wakoli anasema alisikia Kawangware nzima imetulia.

Kuhusu sanduku jipya, nimekubali mbele ya Gathoni kwamba nilinunua mimi. Sikusema nani alinitumia picha yake saa kumi na moja alfajiri akiuliza "hii waionaje?" Hilo litabaki kati yetu.

Ana haki, Mzee. Nilikuwa nikija kwako nikisahau kilichonileta. Babangu alifariki nikiwa darasa la tano, na hakuna mtu aliyewahi kunionyesha kitu polepole namna ile. Ila hiyo si sababu ya kumwacha Gathoni akingoja jikoni.

Nimewapigia simu nyumbani. Baba mdogo Murunga na wenzake wawili wako tayari kupanda basi. Lakini wewe hujanijibu bado. Sitaki kuingia kwako kwa sababu Gathoni amekasirika. Nataka kuingia kwa sababu wewe umesema. Waje, au wasije?

Khamala


Kabiro
Jumatano, 4 Juni 2025

Khamala mwanangu,

Waje.

Barua hii naileta mwenyewe kwa miguu kwa kuwa posta imegoma. Nikikuta hupo nitamwachia Wakoli.

Gathoni amesema kweli, niliogopa. Mtu aliyestaafu haulizwi kitu. Wapangaji huniuliza maji, basi. Halafu ukaja wewe, ukawa unaniuliza ribiti hii inakaa wapi, Mzee, na ile je, na nilipokosea ukanibishia. Kila Ijumaa nililala nikiwa na furaha. Ndiyo maana nikaleta habari za masizi na vumbi. Injini ya kulia, kwa taarifa yako, haikuwa ikivuja kabisa.

Sasa sikia. Siku hiyo kaka yangu Kiarie ndiye atakayesema kwa niaba yetu, na Kiarie hana breki mdomoni. Ataniuliza mbele ya wazee wako: huyu kijana ametoka Magharibi, anaishi Kibera, gereji yake imeezekwa kwa turubai, wewe Thuo umeona nini kwake? Nimetafuta jibu tangu asubuhi, naandika nafuta. Nimefika hapa.

Nitamwambia: kijana huyu alifuta mistari yote ya ndege kwa kutojua. Akaambiwa amekosea. Angeweza kununua nyingine, na hakununua. Alikaa kwenye kiti Jumamosi saba akairudisha, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Mimi nimeoa miaka thelathini na sita, na sijawahi kurudi nyuma nikanyoosha kosa langu hata moja.

Nimemsomea Wangeci maneno hayo ili nijue kama yanafaa. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema niyaandike vivyo hivyo, kwamba makosa yangu anayakumbuka yote, na kwamba tukianza kuyanyoosha Jumamosi hiyo hiyo wageni wakishaondoka, huenda tukamaliza kabla hatujafa.

Thuo